Ubao Usiosamehe

Ndugu malenga na wapenzi wa lugha,

Katika mjadala wetu wa mwezi uliopita, mwenzetu mmoja, mtu ninayemheshimu kwa ujuzi wake wa bahari za ushairi, alinikemea mbele ya jamii nzima. Kosa langu lilikuwa swali. Niliuliza kama twaweza kuyasema kwa Kiswahili yale wayasemayo watelezao thelujini kwa ubao, pale wanapoeleza namna ubao unavyohisika miguuni na namna unavyowatii au kuwaasi. Alijibu kwa mambo matatu. La kwanza, kwamba maneno hayo ni misimu ya vijana wasio na kazi, na misimu si lugha. La pili, kwamba wahandisi wamekwisha kuupima ubao kwa namba, hivyo porojo hazina haja. La tatu, kwamba Kiswahili ni lugha ya pwani na jua. Hakina theluji, basi tuyachukue maneno ya Kiingereza kama yalivyo au tunyamaze. Akashangiliwa. Mimi sikushangilia, na leo nakuja na jibu.

Nianze na mkasa, maana ndio ulionizalia swali.

Naishi Colorado, Marekani, na kazi yangu ni ukalimani. Majira ya baridi ya mwaka juzi niliombwa nipitie karatasi ya maelekezo iliyoandaliwa kwa vijana wa familia zilizotoka Kongo, ambao shule yao ilikuwa inawapeleka mlimani kujifunza kuteleza. Duka la kukodisha vifaa, nisilolitaja, lilikuwa limekwisha kuitia karatasi hiyo katika mashine ya kutafsiri. Ilisema kwamba baadhi ya mbao “zina unyevunyevu” na nyingine “ni za siagi”. Mama mmoja aliyeisoma kabla yangu aliniuliza, kwa dhati kabisa, kama watoto wapelekwe na taulo.

Tulicheka. Lakini tazameni kosa lenyewe, kwa kuwa si la mashine peke yake. Neno la Kiingereza lililopo hapo ni “damp”. Asili yake ni mvuke au hewa nzito, kama ile ya migodini inayozima taa. Likawa kitenzi cha kusonga pumzi ya moto. Likahamia kwenye nyuzi za kinanda, pale mlio unapozimwa. Kutoka hapo likafika mlimani, na maana yake sasa ni ubao unaozima mtikisiko, ubao ambao ukipita kasi juu ya barafu yenye makunyanzi haukupelekei mtetemo magotini. Hakuna tone la maji katika safari hiyo. Nayo siagi ni ule mchezo wa kuegemea ncha moja ya ubao na kuzunguka taratibu juu ya theluji, kama mtu apakaye mkate kwa kisu. Aliyebuni jina hilo alikuwa ameuona mkono wa mpakaji. Mashine iliona mtungi wa siagi.

Siku ile mlimani, baada ya saa mbili hivi, kijana mmoja wa miaka kumi na minne alinijia akiburura ubao wake, theluji imemjaa shingoni. Akaniambia: “Papa, hii mbao inanikatala. Miye nataka kugeuka, yeye anataka kuenda tu.” Kukatala ndiko kukataa kwa Kiswahili chao cha Kongo. Nilimwendea mwalimu wa mlimani nikamfasiria. Mwalimu hakucheka. Aliuchukua ubao, akaukanyaga katikati, akaukunja kwa mikono, akasema ni ubao usiosamehe, wa watu wazito na wazoefu, akampa mwingine. Fikirini basi. Mtoto aliyeiona theluji kwa mara ya kwanza asubuhi ile, na mwalimu aliyekulia juu yake, walikutana katika istiari moja: ubao ni kiumbe chenye nia, hukataa, hukubali, husamehe. Hawakuwa na kamusi. Walikuwa na miguu. Wahenga walikwisha kusema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hapa waliokilalia walikuwa wawili, wakawajua kunguni wale wale.

Sasa nizijie hoja.

Kwamba haya ni maneno ya wahuni, nakubali kuwa ndivyo walivyoitwa. Siku ya Krismasi ya mwaka 1965, mjini Muskegon katika jimbo la Michigan, mhandisi Sherman Poppen alifunga ski mbili ubavu kwa ubavu ili binti yake ateleze amesimama kama wapandao mawimbi. Mkewe akaliunga neno la theluji na neno la mpanda mawimbi, kikaitwa Snurfer. Jina la kwanza la chombo hiki lilitungwa nyumbani, na mama, kwa mchezo wa watoto. Miaka iliyofuata watu kama Jake Burton Carpenter huko Vermont na Tom Sims huko California wakaukuza ubao huo, na wenye viwanja vya milimani wakaufungia milango. Mpaka leo Alta na Deer Valley katika jimbo la Utah, na Mad River Glen katika Vermont, ni vya wenye ski pekee. Mchezo ulipoingia Olimpiki mwaka 1998 mjini Nagano, Terje Haakonsen wa Norway, aliyehesabiwa na wengi kuwa bingwa wa mabingwa wa zama zake, alikataa kwenda kwa sababu mamlaka ya mchezo yalikabidhiwa shirikisho la watu wa ski. Alisema kwa kitendo kile ninachotaka kukisema kwa kalamu: chombo kina wenyewe.

Na hao wa ski waliojiona waungwana, maneno yao yalitoka wapi? “Ski” kwa asili ya Kinorwe ni kipande cha mti uliopasuliwa. “Slalom” ni mteremko na njia ya kuburuza, neno la mkulima wa mlimani. Hakuna baraza lililoketi kuyatunga. Leo yamo katika kanuni za Olimpiki na hakuna ayaitaye misimu.

Lakini kwa nini niende Norway? Tunaposema shughuli imekwenda mrama, tunasema lugha ya nani? Mrama ni kule kuyumba kwa chombo baharini, ubavu huu na ubavu huu. Baharia aliuhisi miguuni kabla mwanasheria hajauandika katika hukumu. Tunaposema mtu amepwelewa, tunasema habari ya chombo kilichoachwa na maji mchangani. Maneno haya leo yanaheshimiwa, yanaingia katika mitihani, yanawapa malenga wetu vina. Siku yalipozaliwa yalikuwa maneno ya watu wenye jasho, chumvi mwilini na matusi mdomoni. Anayeyatukuza ya jana na kuyatemea mate ya leo haitetei lugha. Anatetea umri wake.

Hoja ya namba ndiyo iliyoshangiliwa zaidi, kwa kuwa namba ina sura ya haki. Basi tuitazame. Kampuni nyingi huandika ugumu wa ubao kwa namba, mara nyingi kutoka 1 hadi 10, 1 ukiwa mlegevu na 10 mkakamavu. Ila kila kampuni hujipimia kwa mizani yake. Tano ya huyu ni saba ya yule. Hivyo anayenunua kwa namba hana alichoambiwa ila kwamba ubao ni mgumu kidogo kuliko ndugu zake wa tumbo moja.

Na hata kama mizani ingekuwa moja, ingepima nini? Ubao ni kitu cha matabaka: moyo wa mti, aghalabu wa jamii ya mpopla au mwanzi, nguo za nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi juu na chini yake, ukingo wa chuma pande zote mbili, na tumbo la plastiki lipakwalo nta. Ubao huu hupinda kwa urefu, kutoka ncha hadi ncha. Pia hujinyonga, mguu mmoja ukikanyagia vidole na mwingine kisigino. Namba moja yaweza kuzisema tabia hizo mbili kwa pamoja? Mbao mbili zenye sita na sita, mmoja unapinda kwa tabu lakini unajinyonga kwa urahisi, wa pili kinyume chake. Hizo ni nyama za wanyama wawili.

Kisha kuna umbo. Ubao mmoja ukiulaza mezani huinuka katikati kama upinde uliolala, ukagusa meza karibu na ncha zake. Ukiusimamia, uzito wako huulaza, na ule upinde huzisukuma ncha zishike theluji. Huo hukata barafu vizuri na kukurusha juu, lakini ukikosea kidogo ukingo wake hukwaa nawe huanguka pu. Mwingine umepinda kinyume, kama ndizi, katikati ndiko kunakogusa na ncha zimeinuka. Huo huelea katika theluji nene na hugeuka bila ubishi, ila juu ya barafu ngumu unaweza kuteleza upande bila kuulizwa. Kati ya hizo mbili wameunda mchanganyiko wa kila namna. Namba ya ugumu haisemi neno lolote juu ya haya. Neno “ndizi” lasema.

Ndipo misimu ilipoingia, nayo iliingia kwa sababu palikuwa na pengo. Watelezaji walihitaji kumwambia mwenzao jambo ambalo likikosewa, mtu huvunja kiwiko cha mkono. Wakasema ubao huu ni “tambi”, na kila aliyewahi kuinua tambi kwa uma akaelewa. Wakasema huu ni “gogo”. Wakasema huu unagonganisha meno, na hapo waliiba kwa mafundi chuma, ambao walikwisha kulitumia neno hilo hilo kwa mashine ya kukereza inayotetemeka na kuacha mikwaruzo juu ya chuma. Wakasema ubao umekufa, yaani bado mzima kwa macho, rangi haijachubuka, lakini ule mrudisho wake umekwisha. Ndugu zangu wa Dar es Salaam na Nairobi, mnahitaji kufundishwa neno hili? Fundi gani wa gereji hajapata kuwaambia kwamba shokapu zimekufa? Gari linatembea, chuma kinaonekana, na bado shokapu ni maiti. Fundi wa gereji na kijana wa mlimani hawajuani, lakini wameiona mauti moja.

Nami niseme haki ya upande wa pili. Misimu huoza, na inaozeshwa zaidi na wauzaji. Watelezaji walipoanza kuuita ubao fulani “mchezefu”, walikusudia jambo hasa: mlegevu kidogo, mwepesi kuzungushwa, usioadhibu. Waandishi wa matangazo walipoona neno linauza, wakalibandika juu ya mbao zote, hata magogo. Leo hilo ni neno lililokufa kama ubao uliokufa. Rangi ipo, mrudisho haupo. Lakini tazameni nani aliliua. Si mhuni. Aliliua aliyelisema bila kusimama juu ya ubao. Hicho ndicho kipimo changu cha msimu mwema na mbaya, na ndicho kipimo changu cha shairi pia: je, asemaye amekanyaga, au amesikia tu?

Sasa hoja ya tatu, iliyoniuma kuliko zote, maana ilitoka katika kinywa cha mpenzi wa Kiswahili. Eti hatuna theluji.

Tuna maneno mawili makuu ya baridi iliyoganda, na historia yake ni somo. “Barafu” tulilitoa kwa Waajemi, ambao kwao “barf” ni theluji. “Theluji” tulilitoa kwa Waarabu, ambao “thalj” yao hubeba theluji na barafu pamoja. Tukayapokea yote mawili, tukayagawia kazi upya: hili liwe la kigumu, lile liwe la laini lianguke kutoka mawinguni. Lugha isiyo na theluji ingewezaje kuwapanga wageni wawili kwa ustadi huo? Tena tunalo “sakitu” kwa ule umande ulioganda juu ya majani alfajiri.

Na mbele ya hayo kuna habari ya mwaka 1848. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe juu ya Kilimanjaro, wasomi wa Ulaya walimkatalia kwamba haiwezekani theluji ikae karibu na ikweta. Kiongozi wake wa njia hakuwa na shida hiyo. Kwa mujibu wa maandishi ya Rebmann mwenyewe, aliuita weupe ule “baridi”, basi. Mabwana wa jiografia walibishana na macho. Yeye alitoa jina kwa ngozi. Nami nasema huyo ndiye mwalimu wetu. Aliitaja theluji kwa jinsi inavyohisika, na hakungoja idhini.

Vyombo vya kuyasema mambo haya tunavyo, tena vingine vinaota kutu kwa kutotumika. Wanafunzi wetu hukaririshwa kauli ya kutendata na ya kutendama kama mabaki ya kale. Zisikilizeni kwa mguu: kamata, fumbata, ambata, nata, gandama, shikama, kwama, inama. Kauli nzima mbili za kitenzi zimetengwa kwa ajili ya kugusa na kukaa katika hali! Ukingo wa ubao ukishika barafu, kwa nini niseme una “griipu”? Unafumbata. Theluji ya majimaji ya masika inapolivuta tumbo la ubao usiotiwa nta, ubao unagandama. Ule mruko wa ghafla ubao unapokunjwa kisha ukaachiliwa, ambao wenzetu wameuita “pop” kwa mlio wa kizibo, sisi tunaye mtego: unafyatuka. Ubao wenye mfyatuko. Neno hilo linabeba mkunjo, subira na mwachio, mambo matatu ambayo mlio wa kizibo hauyabebi. Na huo “damp” uliotaka kuwapelekea watoto taulo ni ubao mtulivu, unaomeza mtikisiko. Ukiwa kasini unatulia tuli.

Nenda pwani zaidi. Ubao una ncha ya mbele na ya nyuma. Sisi tuna omo na tezi. Mteremkaji hashuki mlima wima. Huenda huku akarudi kule, ukingo huu kisha ukingo huu, na baharia yeyote wa ngalawa aliyewahi kubisha dhidi ya upepo angelitambua tendo hilo kabla ya kuambiwa jina lake. Ukingo wa upande wa juu wa mlima na wa upande wa chini wangeweza kuitwa joshi na demani, na maana ingekaa. Sisemi ni lazima. Nasema ghala limejaa, na mwenye ghala anakopa unga.

Mtaniuliza, kuna hatari gani? Wangapi miongoni mwetu watapanda ubao? Wachache. Lakini wale vijana wa Kongo walipanda, na Kiswahili kiliwafikia mlimani kikiwa kimevaa unyevunyevu na siagi. Walikicheka. Nilimwona yule mvulana akiikunja karatasi na kuitia mfukoni, kisha akawageukia wenzake kwa Kiingereza, kwa kuwa Kiingereza pale kilionekana kujua wanachokisikia miguuni. Hivyo ndivyo lugha inavyopoteza mtu: haihitaji kupigwa marufuku, inatosha isiwe na la kusema siku anapoanguka. Na ajabu ni kwamba mvulana yule yule, dakika chache kabla, alikuwa amekwisha kulitunga neno kwa lugha ile ile. Inanikatala. Hakuna aliyemwambia kwamba hilo ni neno bora kuliko yote yaliyokuwa katika karatasi. Nami nilichelewa kumwambia, na kosa hilo ni langu.

Kwa hiyo mwenzangu mheshimiwa, uliyenikemea kwa vina vizuri, nakurudishia vina:

Ubao si namba tano, ubao una mwenendo,
Wayo ndio wenye neno, wenye kujua kishindo,
Kipimo hakina kano, hakiusikii mwendo,
Ajuaye si kitabu, ajuaye ni mguu.

Atakaye kunipinga na anipinge kwa neno, si kwa kemeo. Nimetoa “mfyatuko”, nimetoa “kufumbata”, nimetoa “ubao mtulivu”. Kama ni mabaya, leteni mema. Ila kabla ya kuleta, mwende kwanza kwa fundi seremala, kwa nahodha, kwa mtengeneza baiskeli, mmwombe awaeleze kitu kinapomkatalia mkononi. Msikilize, kisha mwandike.